Mafiga Matatu ya Loisi

Mimi naitwa Nathanaeli, na kwa miaka thelathini na moja nilikuwa mtunza kumbukumbu katika masijala ya wizara moja ambayo sitaitaja, maana haina kosa lolote katika habari hii. Kosa lote ni langu. Niliianza kazi hiyo Dodoma ikiwa mji wa vumbi na zabibu, nikaimaliza mwaka jana Dodoma ikiwa jiji la vumbi na maghorofa, na katika muda wote huo halikupotea jalada hata moja mikononi mwangu. Hilo nalisema mapema kwa sababu nikishasimulia yaliyofuata mtadhani nilizaliwa mpumbavu. Sikuzaliwa hivyo. Upumbavu niliufikia baada ya kustaafu, kwa juhudi zangu mwenyewe.

Nyumba yetu iko Chang'ombe ya Dodoma, si mbali na maduka. Mke wangu Loisi aliiendesha nyumba hiyo miaka ishirini na nane huku mimi nikitoka asubuhi na kurudi jioni, na mambo yalikwenda vizuri tu, jambo ambalo lingenifundisha kitu kama ningekuwa mtu wa kufundishika. Siku ya kwanza ya kustaafu nilivaa suruali ya kazini na viatu vyeusi, nikakaa sebuleni nikisubiri niletewe kazi. Loisi alikuwa anafagia. Alifagia mpaka akanifikia, akasema, "Baba Jeni, nyanyua miguu." Nikanyanyua. Kwa muda wa miezi minne hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, kunyanyua miguu, na naamini niliifanya kwa ufanisi.

Kisha simu ikaja kutoka Gulwe, kwao Loisi. Mama yake alikuwa ameteleza akaumia nyonga, hawezi kusimama. Loisi akafunga mzigo siku ileile. Akiwa mlangoni alijishika kiuno, akasema, si kwangu hasa, alikuwa anasema tu, "Na huu mgongo wangu nao. Kuinama kule jikoni kutaniua." Akaenda zake stendi.

Yeye alikuwa analalamika. Mimi nilisikia maelekezo.

Inabidi niwaeleze hilo jiko. Ndani ya nyumba tuna jiko la gesi la sahani mbili, la chai na mambo ya haraka. Jiko lenyewe la Loisi ni banda la nyuma ya nyumba, bati tatu juu na ukuta wa tofali unaofika kifuani. Katikati yalikaa mafiga matatu, mawe mazito kila moja ukubwa wa tikitimaji, na juu yake ndipo ugali wa uwele uliposongwa kila siku ya Mungu. Vitu vingine vilikaa vilivyokaa. Chumvi ilikuwa kwenye kopo la kakao. Unga wa uwele ulikuwa kwenye ndoo iliyowahi kuwa ya rangi ya mafuta. Mlenda mkavu ulikuwa kwenye kibuyu, kibuyu kiko kwenye msumari, kiberiti kiko kwenye tundu la tofali, na mwiko umechomekwa darini chini ya bati. Niliingia mle wiki ya pili baada ya Loisi kuondoka, nikasimama na mikono nyuma kama mkaguzi, nikatikisa kichwa.

Nikasema moyoni, huyu mama ameteseka vya kutosha. Lakini nikiwa mkweli, na nimeapa kuwa mkweli, si huruma peke yake iliyonisukuma. Nilikuwa natafuta kitu chochote kinachohitaji kupangwa.

Nilikuta kwenye simu video ya mama mmoja mwenye jiko jeupe kama hospitali, anaeleza namna ya kupanga jiko ili kupika kila siku kuwe rahisi. Kila kitu kikae pale kinapotumika, alisema. Kuwe na eneo la kuoshea, la kukatia na la kupikia, na mpishi afanye kazi akiwa amesimama wima. Niliitazama mara nne nikiandika. Nikachukua karatasi safi, juu nikaandika kwa herufi kubwa: MPANGO WA UBORESHAJI WA JIKO, AWAMU YA KWANZA. Awamu ya pili haikuwepo, ila mpango usio na awamu hauonekani kama mpango.

Nikamwita Batholomeo, fundi ujenzi wa mtaa wetu, mtu mwenye mikono mizuri na asiyeuliza maswali mengi. Akajenga meza ya zege kufuata ukuta, akaiwekea vigae, akapiga rafu tatu za mbao. Jiko la gesi likahamia juu ya meza. Mimi nikanunua makopo ishirini na manne ya plastiki, yote yanafanana, yenye vifuniko vya bluu, nikayabandika karatasi na kuyapa namba kama majalada. Chumvi ilikuwa JK/1/1. Sukari JK/1/2. Karanga za kusaga zilikuwa na jalada dogo chini ya karanga zisizosagwa. Mlangoni nikaning'iniza daftari na kalamu kwenye uzi, ili anayechukua kitu asaini, na akirudisha asaini tena. Kwa kuwa nilikuwa peke yangu nyumbani, nilijisainia mwenyewe. Asubuhi moja nilijinyima sukari kwa sababu jana yake sikuwa nimesaini kuirudisha.

Kuhusu mlenda sipendi kusema. Niliuweka chini ya Mboga, nikautafuta chini ya Majani, na ukapotea siku mbili. Niliukuta nilipokuwa natafuta tangawizi.

Na mtauliza, je, nilikuwa napika nini katika jiko hilo zuri? Sikuwa napika. Asubuhi nilichemsha chai. Mchana jirani yetu Generosa, mjane mwenye roho nzuri, aliniletea sahani iliyofunikwa. Jioni nilikwenda barabarani kununua chipsi mayai. Jiko lilikuwa safi ajabu, na nililisifia usafi wake bila kujiuliza unatoka wapi.

Siku ya mwisho ya kazi Batholomeo aliyagusa mafiga kwa ncha ya kiatu. "Mzee, na haya mawe?"

"Toa," nikasema.

Mimi huyu huyu! Kazini sikuwahi kuruhusu hata karatasi iliyochanika itupwe bila fomu ya uteketezaji yenye sahihi tatu. Hapa nilisema neno moja, tena nikiwa natazama makopo yangu. Batholomeo akayabiringisha mawe mpaka nje ya geti, akasawazisha sakafu kwa saruji, na mimi nikapiga picha nikaituma kwa Loisi. Hakujibu. Nikajua amekosa maneno kwa furaha.

Sasa nieleze jambo ambalo mtu yeyote wa kwetu angekuwa ameshaliona tangu mwanzo. Kwa akina Loisi, mwanamke akiolewa mama yake humchagulia mafiga matatu. Ya Loisi yalitoka kwenye kilima cha nyuma ya kwao Gulwe, yakapakiwa kwenye treni pamoja na ungo, chungu na bibi harusi. Ni mali yake kuliko hata kitanda. Na mwanamume akiyang'oa mafiga ya mkewe, mke mwenyewe akiwa kwao, hana haja ya kuandika barua wala kuita wazee. Ameshasema. Amemwambia mkewe abaki huko huko.

Laiti ningekuwa mgeni, mtu wa pwani au wa ziwani, ningejitetea. Lakini mimi ni mtoto wa Mpwapwa. Nilikuwa na miaka kama tisa baba yangu mdogo alipoyatupa mafiga ya mkewe uani, na nakumbuka vizuri jinsi wanawake walivyonyamaza, na jinsi yule mama mdogo alivyojitanda kanga akaondoka bila kugeuka. Nilikuwa nayajua yote haya. Yalikuwa kwenye jalada, sema tu sikulifungua.

Aliyelifungua alikuwa Generosa, naye hakuwa na nia mbaya. Aliyaona mawe nje ya geti, akapenda moja la kugandamizia kifuniko cha pipa lake la maji. Kwa kuwa ana adabu, alimpigia Loisi kumwomba. "Mama Jeni," alimwambia, "mzee ametoa mafiga yako nje, nami naomba moja." Alinisimulia mwenyewe baadaye. Alisema Loisi alimjibu, "Chukua tu, dada. Siyo yangu tena."

Mimi nilipata habari siku ya tano, kwa simu ya Elisha, kaka yake mkubwa Loisi. Elisha ni mkulima wa karanga na mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache, na siku ile aliyapunguza zaidi.

"Shemeji, tumesikia."

"Mmesikia nini, shemeji? Picha mmeiona?"

"Tumeiona. Dada harudi huko."

Nikacheka. Niseme kweli, nilicheka, nikidhani ananitania. Kisha nikagundua kwamba upande wa pili hakuna anayecheka, na nikamkumbuka yule mama mdogo na kanga yake. Nikakaa juu ya meza yangu ya zege.

"Shemeji, siyo hivyo," nikasema. "Nilikuwa napanga jiko."

"Utakuja kuyasema hayo hapa. Jumamosi. Na uje na mafiga yote matatu, yale yale." Akakata.

Nikampigia Loisi mara kumi na moja. Simu iliita tu. Hapo ndipo nilipoiona nyumba ilivyo kubwa. Nilizunguka kutoka sebuleni kwenda jikoni, kutoka jikoni kwenda chumbani, na kila mahali palikuwa pamepangwa, na hapakuwa na mtu. Nilikuwa naogopa. Sikuwa nimeogopa hivyo hata siku ya ukaguzi mkuu wa masijala.

Nilikuwa na siku mbili za kutafuta mawe matatu, mimi bingwa wa kutopoteza kitu. La kwanza lilikuwa rahisi, maana Generosa alilitoa juu ya pipa lake huku analia na kuniomba msamaha, nami nikamwomba yeye, tukaombana hapo mpaka maji ya pipa yakaanza kuingiwa na majani. La pili lilikuwa kijiweni kwa bodaboda, limegeuzwa kiti. Vijana walikuwa wanalikalia kwa zamu na hawakutaka kuliachia. Mmoja akaniuliza, "Mzee, jiwe lako lina nini kwani?" Nikawaambia ni la mke wangu. Wakatazamana, yule aliyelikalia akainuka, na wote kwa pamoja wakanisaidia kulibeba mpaka nyumbani bila mzaha wowote. Inaonekana hata wao walikuwa wameshasikia.

La tatu lilikuwa na Batholomeo. Nilimkuta kwenye kiwanja anajenga ukumbi wa kanisa, ametapakaa saruji.

"Lile jiwe la tatu, fundi."

Akajikuna kichwa. "Lilikuwa zuri, mzee. Gumu."

"Liko wapi?"

Akaonyesha kwa mwiko wa saruji. Kwenye kona ilisimama nguzo ya zege, nene, imeshakauka. "Liko chini pale. Ukilitaka lazima tuanze na ukumbi."

Niliizunguka ile nguzo mara mbili. Nawaambieni bila aibu, kwa kuwa aibu imeshaisha, kwamba nilipima kwa macho kama nguzo ile inaweza kung'olewa na kanisa likasimama. Halafu nikarudi nyumbani na nikafanya jambo ambalo miaka thelathini na moja niliwaandikia wengine barua za onyo kwa kulifanya. Nikaghushi.

Dodoma haina shida ya mawe. Nililiokota moja kwenye vilima vya jirani, linalingana na wenzake kwa ukubwa na kwa umbo. Tatizo lilikuwa rangi, maana mafiga yana masizi ya miaka ishirini na nane na jiwe langu lilikuwa safi. Nikakwangua masizi chini ya masufuria yote ya Loisi, nikayachanganya na mafuta ya kupikia, nikalipaka kwa kitambaa. Nilipaka kwa makini, mbele na nyuma, juu na chini, sikuacha hata alama ya kidole. Nikaliweka pamoja na yale mawili na kurudi nyuma hatua tatu kulitazama. Nilijivunia. Hata nilifikiri limetoka zuri kuliko yale ya kweli.

Jumamosi nikapanda basi la Mpwapwa na kiroba changu. Konda alijaribu kukinyanyua, akakiacha. "Mzee, humu kuna nini?"

"Mafiga."

"Unapeleka mawe Mpwapwa? Kule yameisha?"

Basi zima likacheka, na mimi nikacheka nao kidogo kwa heshima ya msafara. Kutoka Mpwapwa mpaka Gulwe nilichukua bodaboda, kiroba nimekipakata mapajani kama mtoto anayepelekwa kliniki, na kila tuta la barabara liliniingia magotini. Nilifika natembea kwa kuchechemea, suti ya kustaafia imejaa vumbi jekundu, paji la uso lina masizi niliyojipaka mwenyewe nikijifuta jasho.

"Mbukwa, shemeji," alisema Elisha, akanionyesha kiti cha plastiki uani. Alinisalimu vizuri, kwa Kigogo. Kusalimiwa vizuri kulinitisha zaidi kuliko kutukanwa.

Baraza lilikuwa dogo. Alikuwepo Elisha, na alikuwepo Loisi, amekaa kwenye mkeka kando ya mlango, amejitanda, macho yako kwenye karanga anazomenya. Hakunitazama. Ndani ya mlango, kwenye kitanda kilichosogezwa ili apate hewa, alilala mama mkwe. Nilimwamkia kutoka mbali, kichwa chini, "Shikamoo mama," naye akaitikia kupitia kwa Elisha, kwa sababu mkwe na mkwe hawasemeshani ovyo. Alikuwa hatua nne kutoka kwangu. Kila alichosema nilikisikia mwenyewe, na kila alichosema Elisha alikirudia, na mimi nilisubiri kirudiwe ndipo nikajibu.

Elisha akasema, "Tuonyeshe."

Nikafungua kiroba. Nikalitoa la kwanza, nikalitoa la pili, na la tatu nikalitoa kwa mikono miwili na kuliweka mbele kabisa, kwa sababu ndilo lililokuwa na sura nzuri.

Loisi aliacha karanga. Alisogea, akalishika la kwanza, akapitisha kiganja juu yake, akaliweka kando. La pili vile vile. Kwenye la tatu alikaa kidogo. Aliligeuza, akaligeuza tena, akanusa vidole vyake.

"Hili limeungua pande zote," alisema.

Nikasema, "Ndiyo, limetumika sana."

Kisha kutoka ndani ikaja sauti ya mama mkwe, nyembamba: "Mwulize mkwe wangu. Kwao moto huwashwa nje ya mafiga?"

Elisha akafungua mdomo kulirudia swali, akashindwa. Alijifunika uso kwa kofia. Na mama mkwe akaanza kucheka mle ndani, kicheko cha mtu anayeumwa nyonga, anacheka na kulalamika kwa pamoja, "Jamani, mnaniua, mnaniua."

Mimi bado sikuwa nimeelewa. Niliyatazama yale mawe mawili ya kweli, na ndipo nikaona. Upande mmoja yalikuwa meusi tii, ule uliotazama moto. Upande wa nje yalikuwa na rangi yake tu, ya kahawia, kama siku yalipotoka kilimani. Jiwe la jikoni huungua upande mmoja. Kila mtoto wa miaka mitano aliyewahi kutumwa kaa la moto analijua hilo. Mimi nililishwa juu ya mawe hayo miaka ishirini na nane na sikuwahi kuyatazama.

Loisi hakucheka. "La kweli liko wapi?"

"Liko chini ya nguzo ya kanisa," nikasema.

Nilikuwa nimeandaa maelezo. Kurasa mbili, nimezichapa. Nikazitoa mfukoni, nikavaa miwani, nikaanza: "Kichwa cha habari hapo juu chahusika." Elisha, ambaye ndiyo kwanza ametoa uso kwenye kofia, akaurudisha. Nikaendelea mpaka mstari wa tatu, penye "ufanisi wa mtiririko wa kazi", na sauti yangu mwenyewe ikanikera. Nikazikunja zile karatasi.

"Loisi," nikasema. "Sikukufukuza. Nilikuwa sina kazi. Nakaa pale nanyanyua miguu ukifagia. Ulisema mgongo unakuuma, nikasema hapa nitafanya kitu, ukirudi utaona kwamba na mimi nipo. Mawe sikuyatazama hata kidogo. Sikuyatazama, ndiyo kosa lenyewe."

Loisi alisema polepole, na ndipo akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Generosa alinipigia nikiwa namwogesha mama," alisema. "Nikamaliza kumwogesha. Wiki nzima nimelala humu najua sina kwangu. Najiuliza nimekosa nini, nimekosa nini, sioni. Miaka ishirini na nane, Baba Jeni, ungeniuliza siku moja tu. 'Loisi, hivi vitu vyako unavipangaje?' Ningekuonyesha."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Yale makopo ishirini na manne yalinijia kichwani na karatasi zake, na nilitamani mtu ayachukue yote ayapeleke mbali.

Mama mkwe ndiye aliyesema tena. "Elisha, mwulize mkwe wangu anajua kusonga."

"Shemeji, mama anauliza unajua kusonga."

"Mwambie sijui."

"Mwambie aanze leo. Njaa inaniuma."

Kwa hiyo nikavua koti. Elisha akayapanga yale mawili ya kweli na langu la kughushi nyuma ya nyumba, akaliweka langu kwa heshima ileile kama wenzake, nikawasha moto. Nikainama. Moshi ukanitafuta popote nilipokwenda. Maji yalipochemka nikatia unga wa uwele wote kwa mpigo, kama mtu anayemwaga saruji, na ukanigomea. Ulipoanza kukaza, mwiko ulikuwa unasimama wenyewe katikati ya sufuria. Loisi alikuwa amekaa pale na mikono yake miwili mapajani, hakuinuka, hakusema neno, na naamini ilimgharimu. Nilisonga nimekunjika, goti moja chini, kisha magoti yote, na kabla ugali haujashika vizuri kiuno changu kilikuwa kimekwisha habari yake. Nilipojaribu kusimama sikuweza. Nilibaki nimepinda, mwiko mkononi.

"Huo ndio mgongo," alisema Loisi.

Tulikula. Ugali ulikuwa na madonge ya unga mbichi ndani, nje umeungua. Mama mkwe alimega kidogo, akatafuna kwa muda mrefu sana, akamwambia Elisha aniambie kwamba amekula vibaya zaidi ya hivi mwaka wa njaa. Elisha alikula lake lote bila kuinua macho. Baada ya chakula akaenda kutazama mbuzi, na mimi nikabaki naosha sufuria kwa mchanga, kwa sababu nilikuwa nimeshaelewa kwamba siku ile hakuna wa kuniambia niache.

Loisi alikuja akasimama karibu. Nilidhani anakuja kukagua sufuria.

"Hiyo meza yako," alisema. "Ina urefu gani?"

"Batholomeo alipima."

"Alimpima nani?"

Nikafikiri. "Mimi."

"Nionyeshe."

Nikajinyoosha kwa taabu, nikaweka kiganja hewani, juu kidogo ya kiuno changu, pale meza inaponifikia nikisimama kusainia chumvi. Loisi akaja mbele ya kiganja, akasimama wima. Kilimfika kifuani. Mimi ni mtu mrefu, na Loisi hanifiki begani. Jambo hili haliko kwenye jalada lolote, ni la kutazama tu, na katika kupanga kwangu kote sikukumbuka hata mara moja kwamba atakayesimama pale ni yeye.

Alikitazama kiganja, akanitazama mimi. Mdomo ulimcheza upande mmoja. Kisha akanishika mkono, akaushusha polepole mpaka usawa wa nyonga yake, akauacha hapo.

"Hapa," alisema. "Tukirudi, aibomoe aijenge hapa. Na mafiga yangu yatakaa katikati, na lile la tatu nitamwomba mama anichagulie lingine. Makopo yako sitaki kuyaona. Na lile daftari..."

Aliendelea kusema, na aliyasema mengi, maana alikuwa na wiki nzima ya kuyapanga. Mimi nilikuwa nimebaki kwenye neno la kwanza. Alikuwa amesema tukirudi. Nilitaka kumwomba alirudie, nikaogopa atalifikiria upya. Nikabaki nimesimama pale nyuma ya nyumba, nimepinda, kiganja kiko hewani usawa wa nyonga yake, nikiitikia ndiyo kwa kila alichosema, na mkono sikuuondoa nisije nikakipoteza kipimo.